Kadi za Jazi Mlangoni

Sauti ninayoikumbuka wazi kuliko zote si ya wimbo. Ni ya sindano ikigusa santuri kabla muziki haujaanza: sss, halafu vitu vidogo vinapasuka, ta, ta, kama mafuta ya chapati yakianza kupata moto. Niliisikia siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la mzee mmoja hapa Thika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne ambacho sikupenda kukionyesha, na sketi ya kuazima.

Kazi hiyo nimeiacha mwezi uliopita, baada ya miaka kumi na miwili. Marafiki zangu wananiita mstaafu na mimi nacheka nao, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo iliyostaafu; mimi bado nakimbia vizuri. Lakini nyinyi wadogo zangu, mnaoulizana kwa simu kila siku, "unasikiliza nini siku hizi?", nataka mjue kwamba kuna wakati swali hilo lilikuwa ajira. Mimi niliajiriwa kulijibu.

Duka letu lilikuwa la kuhamisha muziki. Watu walileta santuri na kanda za wazazi wao, sisi tukazirekodi upya ziingie kwenye flashi. Kuhamisha hakuna njia ya mkato. Santuri ya dakika arobaini inataka dakika arobaini zako, maana kompyuta inarekodi kwa mwendo uleule ambao santuri inazunguka. Mwenye duka tulimwita Guka, kama mnavyowaita babu zenu. Alikuwa fundi wa redio ujana wake wote, na aliipenda jazi, ile ndefu ya saksafoni na piano, isiyo na maneno hata moja.

Siku hiyo ya kwanza aliniambia, "Kaa hapo." Nikakaa. Akaweka santuri. Mimi, kwa kutaka aone nina bidii, nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa rafu.

"Wacha hiyo kitambaa."

"Natoa vumbi tu, Guka."

"Vumbi haina haraka. Weka mikono kwa magoti."

Nikaweka. Dakika ishirini za upande wa kwanza, akageuza, ishirini za upande wa pili. Katikati nilisinzia. Akaniamsha kwa kugonga meza na kijiko cha chai, akarudisha sindano mwanzo kabisa. "Hiyo umelala haihesabiki," akasema. Tulimaliza saa nane, na chakula cha mchana kilikuwa kimepita.

Ndivyo kazi ilivyofundishwa kwetu: mikono kwenye magoti, mpaka mwisho. Na sababu ilikuwa kadi. Kila Jumatatu Guka alibandika mlangoni kadi moja ngumu, kubwa kama daftari, iliyosema jazi tuliyokuwa tukiisikiliza wiki hiyo. Mpita njia akiipenda, aliingia, akauliza, akawekewa. Guka alikataza kadi ianze na jina la mpigaji. "Jina inatisha mtu," alisema. "Ataona ni ya wasomi, apite. Mwambie afanye nini akisikia." Kwa hiyo kadi zetu zilisema: Wa kuchambua mchele. Wa kungoja mgeni aliyechelewa. Na mwisho, kwa herufi ndogo, kila kadi ilisema: Nimeusikia mpaka mwisho. Bila hilo neno, hakuna kadi.

Kadi yangu ya kwanza niliruhusiwa baada ya miezi minne. Nilikuwa nimesikiliza mtu mmoja na piano yake, na nikaandika: Wa kupigia pasi.

Guka akaivua miwani. "Nani alikuambia hii ni ya pasi?"

"Hakuna, Guka. Ni huo mkono wake wa kushoto. Unaenda, unarudi, unaenda, unarudi."

Akairudisha miwani. "Bandika," akasema. Nadhani siku hiyo ndiyo nilianza kuota ndoto zangu kubwa: siku moja niwe na kipindi redioni, niwaambie Wakenya wote wapige pasi wakisikiliza nini.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa Ruiru. Binti wa Guka alikuwa amefungua tawi karibu na viwanda vya nguo, na yeye tulimwita Madam. Kule hapakuwa na santuri. Nyimbo zilifika kutoka Thika zikiwa zimeshahamishwa, kazi yetu ni kuzipakia tu. Wateja walipanga foleni jioni wakitoka zamu.

"Hapa si kwa baba," Madam aliniambia siku ya kwanza. "Hakikisha wimbo imefunguka, weka kwa flashi, ita mwingine."

"Na kadi?"

"Kadi andika, inaleta watu. Lakini usinikalie hapo na mikono kwa magoti kama unaposwa."

Nikacheka. Madam alikuwa mcheshi, na sikumchukia hata siku moja. Ila nilijifunza kusikiliza nikiwa nimesimama, huku nikila mandazi, huku napokea flashi ya mtu.

Mteja wangu mkubwa wa kadi alikuwa Mama Achieng', fundi cherehani wa kiwanda kimoja hapo. Alitoka magharibi zamani, akaolewa, na walikaa Landless, upande wa Thika. Kila jioni alisimama mlangoni asome. "Ile yako ya pasi," aliniambia mara ya kwanza, nilipoibandika tena kule Ruiru, "nimemaliza nguo za nyumba yote, nikaanza za jirani. Utaniua wewe msichana." Mumewe alikuwa mpiga saksafoni wa bendi ya kanisa mpaka kifua kilipomzuia. Siku hizo Mama Achieng' alikuwa akimpelekea flashi nyumbani, asikilize akiwa kitandani.

Jumatatu moja nilichelewa kufika, na mlango haukuwa na kadi. Nikafungua wimbo uliofika karibuni. Saksafoni moja, besi ikitembea polepole, ngoma zikipigwa kwa brashi za waya, ile sauti kama mtu anafagia ua asubuhi. Nikausikia dakika mbili. Nikaandika: Wa kukaa kimya. Na chini, kwa mazoea tu ya mkono: Nimeusikia mpaka mwisho.

Siku ya Alhamisi Mama Achieng' alikuja mchana, si saa zake, amefunga kitambaa cheusi. Mumewe alikuwa amefariki Jumanne. Jumamosi wangemuaga kanisani Thika, kisha mwili usafirishwe nyumbani.

"Nataka saksafoni," alisema. "Watu wakipita kumwona, ipige. Nipatie hiyo ya kukaa kimya."

"Sawa, Mama. Pole sana, Mama."

"Uliisikia yote?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na siku mbili nzima za kuusikiliza. Lakini alikuwa ananitazama na macho yale, na kadi ilikuwa hapo mlangoni na mwandiko wangu. "Nimeisikia, Mama," nikasema.

Jumamosi nilienda, nikakaa viti vya nyuma. Watu walipanga mstari, wimbo ukaanza, na ulikuwa mzuri kweli. Mzee mmoja mbele yangu alitikisa kichwa akasema, "Huyu ni yeye kabisa." Mstari ulikuwa haujafika nusu. Dakika ya tano, yule mpiga ngoma akaweka brashi chini akachukua vijiti. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama mabati yanaanguka kutoka kwa lori. Saksafoni ikapanda juu ikapiga yowe. Mtoto akalia, vijana wa kwaya wakashindwa kuzuia kicheko, na mzee wa kanisa akakimbilia spika akang'oa waya.

Mama Achieng' alikuwa amesimama kando ya jeneza, mkono wake juu ya mbao. Hakuitazama spika. Alinitafuta mimi mpaka akanipata.

Wimbo haukurudishwa. Waliobaki walipita kimyakimya, nyayo tu. Nje, nilipomfikia kumpa pole, alisema neno moja. "Uliniambia umeisikia." Halafu akaingia garini na jamaa zake, safari ikaanza.

Jumatatu nilienda Thika nikamwambia Guka yote. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimebeba funguo za tawi mfukoni nimrudishie.

"Uliisikia mpaka wapi?" aliuliza.

"Dakika mbili, Guka."

"Basi ungeandika dakika mbili. Hata hiyo ni kadi."

Alizichukua funguo, akampigia binti yake, na mimi nikabaki Thika kuhamisha kanda. Baada ya miezi kadhaa alinisukumia kalamu. Nikairudisha. Kwa miaka yote iliyofuata kadi aliziandika yeye, mpaka masikio yake yakachoka, na mlango ukakaa bila kadi. Santuri ya wimbo ule ilikuwa rafu ya tatu. Nilipopangusa vumbi niliiruka, nikapangusa za pande zote mbili.

Wateja walipungua, si kwa kosa la mtu. Simu zilijua kila wimbo. Mwaka huu Guka akaamua kufunga na kuhamia shamba lake Gatuanyaga. "Mbuzi haihitaji masikio yangu," alisema, "inahitaji nyasi." Mashine ya santuri akaniachia mimi.

Siku mbili kabla ya kufunga, nani akaingia? Mama Achieng', amezeeka kidogo, na boksi la viatu mikononi. Bado alikuwa akifanya kazi kiwandani Ruiru, na ndiko alikosikia kwamba tunafunga. Ndani ya boksi kulikuwa na kanda nne za ile bendi ya kanisa.

"Inachukua muda gani?"

"Muda wake wote, Mama. Hakuna njia ya mkato."

Akavuta kiti. Nikakaa, nikaweka mikono yangu kwenye magoti, na yeye akaniangalia. "Na mimi niweke hapo?"

"Ukipenda, Mama."

Akaweka. Tulikaa hivyo asubuhi nzima, wanawake wawili kama tunapigwa picha ya kitambulisho. Kwenye kanda ya pili saksafoni ilipanda, ikakwaruza, ikakosea noti. Mama Achieng' akacheka mpaka akafuta macho. "Huyo ndiye. Hapo alikosea kila Jumapili. Nilimwambia, baba, ruka hiyo, akakataa."

Kanda zilipoisha, akaweka flashi kwenye mkoba. Lakini hakusimama.

"Ile ya siku ile," akasema. "Walizima. Iliishaje?"

Miaka yote hiyo nilijua angekuja kuniuliza kitu, ila sikujua ni hicho. "Sijui, Mama," nikasema. "Sijawahi kuisikia."

Akafunga mkoba wake, bila hasira. "Basi ukiisikia utaniambia. Mimi najiuliza tu. Sipendi kwamba tulimtoa hapo katikati ya makelele."

Nimekuwa nikijiuliza kazi hii ilinifundisha nini. Sina kipindi cha redio, ingawa ndoto bado ninayo na haijanidai kodi. Siku hizi nasikiliza tarumbeta moja iliyozibwa mdomo, nzuri sana wakati wa kumenya viazi, na kikundi cha watatu ambacho nimekisikia mara nne na bado sijajua ni cha kufanyia nini, nikijua nitawaambia. Nyinyi shirikianeni nyimbo, hilo ni jambo jema. Lakini ukimtumia mwenzako wimbo, jua kuna siku atauamini kuliko ulivyouamini wewe.

Siku ya mwisho Guka alitangulia nyumbani. Nilifagia, nikafunga maboksi, nikaacha mashine bado imeunganishwa. Nikaitoa ile santuri rafu ya tatu. Sindano ikagusa: sss, ta, ta. Nikakaa.

Dakika ya tano mabati yakaanguka. Mikono yangu ilitaka kuinuka, nikaibana. Makelele yalidumu kiasi cha mtu kuchemsha kikombe cha chai. Halafu mpiga ngoma akarudi kwenye brashi zake, yuleyule mfagiaji, na saksafoni ikashuka ikapiga wimbo wa mwanzo tena, chini zaidi, polepole zaidi, mpaka ikabaki pumzi ya mpigaji tu ndani ya chuma. Nikangoja hadi sindano ikafika lebo ya katikati.

Kadi moja ilikuwa imebaki. Niliandika: Wa kumsindikiza mtu. Katikati ngoma zinapiga kelele sana. Msizime. Wimbo unarudi. Nimeusikia mpaka mwisho.

Kesho yake asubuhi nilienda Landless, saa ambayo nilijua Mama Achieng' yuko Ruiru kazini. Nikainama mlangoni kwake, nikaipitisha kadi chini, nikaisukuma kwa kidole mpaka ikaingia yote.