Kipimo cha Furushi la Mtu Mwingine

Sogea kidogo unisikilize. Jambo lenyewe ni jepesi kuliko linavyosikika, ila mimi nililielewa nikiwa nimeshachelewa.

Ninaandika programu hapa Bariadi. Msimu mmoja wa pamba, ushirika mmoja wa upande wa Itilima uliniomba niwafungie kipima unyevu ghalani. Huku kwetu pamba hununuliwa kwa kilo, ikimwagiwa maji inakuwa nzito, na wapo wanaoimwagia. Anayekamatwa hurudishiwa furushi lake mbele ya foleni nzima, na sifa ya wizi haimtoki upesi.

Kompyuta ilikuwa moja, ndogo, ya kutumia sola. Ndani yake nilitengeneza kompyuta pepe mbili: kwa macho huzioni, ila kila programu hudhani iko kwenye mashine yake. Moja ilisoma kipima, nyingine ilionyesha jibu kwenye skrini. Katikati niliandika draiva, programu ndogo ya kupitisha vipimo, nayo ilitumia foleni ya duara. Fikiria visanduku vinane vimepangwa mduara. Mtumaji anatia kipimo kisandukuni, kisha anasogeza namba ili mpokeaji ajue kuna kitu cha kuchukua. Akimaliza cha nane anarudi cha kwanza, anaandika juu ya kile cha zamani.

Tulia hapa, ndipo penye shida. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ina haraka. Wewe umeandika kipimo kwanza, namba baadaye, lakini yenyewe isipokatazwa inaweza kuacha namba ionekane kabla ya kipimo. Mpokeaji anafungua kisanduku anakuta kipimo cha duru iliyopita, cha furushi la nane nyuma. Kinga yake ni kizuizi cha kumbukumbu, amri fupi inayoiambia prosesa isivuke hapo mpaka ya nyuma yakamilike. Huwekwa pande zote mbili, kwa anayeandika na kwa anayesoma. Mimi sikuweka hata upande mmoja. Laptop yangu ilikuwa na prosesa ya aina nyingine, inayochunga zaidi mpangilio. Nilijaribu humo siku mbili bila kosa, nikajisifu.

Kosa lilimwangukia mama mmoja wa makamo, ambaye kikundi chake kilikuwa kimemchagua kukagua pamba ya wenzake. Skrini ilisema pamba yake imelowa. Akaitazama, kisha akanitazama mimi niliyekaa nyuma ya meza.

"Tia mkono humu, mwanangu."

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "mashine haidanganyi."

Mzee mmoja kwenye foleni akasema labda mvua ya jana ilichagua shamba lake peke yake. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mama hakubishana, alilifunga furushi kwenye baiskeli akaisukuma kurudi alikotoka. Mkono sikutia.

Wiki chache baadaye, nikipitia rekodi, niliona kipimo chake kinafanana hadi tarakimu ya mwisho na cha mtu aliyepimwa mafurushi manane kabla yake. Huyo kweli alikuwa ameimwagia maji, na alikiri mwenyewe. Nilijua palepale. Nikaongeza mistari miwili, mmoja kila upande. Kwenye maelezo ya mabadiliko nikaandika: maboresho madogo. Nikafunga laptop, nikaenda kula.

Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Kusahau kizuizi humpata yeyote, nawe kukikupata usijichukie, rekebisha uendelee kujifunza. Lakini yale maneno mawili nilikaa nikayatafuta, nikachagua yale yasiyomtaja mtu.

Kisha nikasikia kikundi kimemwondoa kwenye ukaguzi. Nikaenda kwake asubuhi, nikamkuta anapepeta choroko. Nilimwamkia mwangaluka, akaitikia, akanipa kigoda. Nilimchorea visanduku vinane chini kwa kijiti. Alielewa upesi kuliko wengi niliowahi kuwafundisha.

"Kwa hiyo niliitwa mwizi kwa kipimo cha mtu mwingine," akasema.

"Ndiyo, mayu. Kosa ni langu."

Aliendelea kupepeta. "Yale uliyasema ghalani, mbele ya watu. Hapa kwangu unamwambia nani?"

Siku ya kupima iliyofuata nilisimama ghalani nikaeleza yote, hata zile wiki nilizonyamaza. Yule mzee wa mvua alitazama chini. Mkulima mmoja akauliza, na langu je? Tulipitia rekodi pamoja, tukakuta wengine wawili waliorudishwa bure. Kikundi kilikuwa kimeshachagua mkaguzi mwingine, na msimu ule hakikumrudisha mama. Alileta pamba yake, ikapimwa, akaondoka bila kunisemesha.

Kwa hiyo ukiandika draiva yako ya kwanza, andika data, weka kizuizi, ndipo usogeze namba. Upande wa pili soma namba, weka kizuizi, ndipo usome data. Ijaribu kwenye kompyuta ileile itakayofanya kazi. Na ukigundua kosa lako, kabla ya kulirekebisha, andika kwenye maelezo limemuumiza nani, kisha siku hiyohiyo nenda ukamwambie.