Kuwapa Kondoo Mgongo

Asubuhi moja mwaka huu, majani ya miti yakiwa yameshageuka mekundu, niliondoka Lawrence Heights, mtaa wa mjini huku ughaibuni, na begi moja bila kujua niendako. Rafiki aliyekuwa akinilaza sebuleni kwake alikuwa anampokea mdogo wake, na mimi kukaa mahali pamoja kumenishinda tangu utoto. Nikapanda basi, nikabadilisha, nikapita mtaa wa Agincourt na maduka yake, nikakaa tu kitini mpaka dereva akasema ndio mwisho. Mbele yangu nyumba ziliisha na mashamba yakaanza. Nikatembea kando ya barabara, na nyuma ya ua wa mbao nikasikia mzee akifoka kwa Kiswahili: "Lala! Lala chini, Pili!"

Ninyi mliochunga utotoni mtanielewa nikisema miguu ilisimama yenyewe. Kondoo kumi na wawili walikuwa wamejikusanya malishoni, na mbwa mweusi mwenye shingo nyeupe amelala kifudifudi, akiwatazama bila kupepesa. Habweki, hang'ati. Anawatazama tu, nao wametulia kama darasa mwalimu mkuu anapopita dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, kisha ndipo akashtuka. "Are! Umetoka wapi wewe?"

"Mbulu."

"Mbulu! Mimi wa Babati, mama! Baba yangu alikuwa na duka pale sokoni."

Huyo ndiye Mzee Rajabali, Mhindi aliyekulia kwetu. Nyonga imemwisha, hivyo hukaa kwenye kiti karibu na lango na kumfundisha mbwa kwa mdomo tu. Pili ni border collie wa miaka miwili, jamii ya mbwa waliozaliwa kuchunga. Kwa dini yake mbwa ni najisi, hivyo mzee hamgusi kwa mkono wenye maji, wala mbwa haingii ndani ya nyumba. Lakini nimeona watu wanaowabusu mbwa wao na hawasikilizwi hivyo. Kushoto, kulia, polepole, lala, basi. Maneno matano, ndiyo shule nzima.

"Wajukuu wangu nikiwaambia leteni maji, wananijibu kwa Kiingereza, na maji hayaji," alisema. "Huyu hajibu. Anakwenda."

Lakini Jumamosi lori lilikuwa linakuja kuwachukua kondoo wote. Mwanawe alikuwa amechoka kuishi na hofu kwamba baba ataanguka malishoni peke yake. Mzee akaniangalia miguu.

"Umechunga?"

"Toka nina miaka saba."

"Basi waingize zizini na Pili. Ukiweza, lori haliji, na wewe una kazi na chumba. Usipoweza, utakunywa chai uende zako."

Nikacheka moyoni. Kwetu mtoto alikabidhiwa kondoo kabla ya daftari. Mvua ikinyesha ulikunja gunia, kona moja ndani ya nyingine, ukalivaa kichwani, na hilo ndilo koti. Tulichimba mashimo ya bao ardhini, kete zikiwa matunda ya ndulele. Tulifukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto, tukavila nusu mkaa, nusu asali. Shule niliacha darasa la nne, lakini kutoka mlimani niliwasikia wenzangu wakiimba jedwali la kuzidisha, nami nikaimba nao. Ndiyo maana mpaka leo najua saba mara nane bila simu, jambo ambalo vijana wa sasa hawalielewi kabisa. Mbwa tulikuwa naye. Kazi yake ilikuwa kubweka na kula ukoko. Kuzunguka, kuswaga, kumrudisha mkaidi, hiyo ilikuwa miguu yetu.

Na baba alikuwa na sheria moja: "Kondoo hapewi mgongo. Ukimpa mgongo, umempa fisi." Siku moja nilimpa, bao liliponinogea, tukapoteza jike mwenye mimba. Baba hakunichapa. Alikaa siku mbili bila kunisemesha, na hiyo ndiyo fimbo ninayoikumbuka.

Basi nikaingia malishoni, nikaenda nyuma ya kondoo kama nilivyolelewa, nikapiga makofi. Pili akachomoka kama jiwe la kombeo, akazunguka, akalala mbele yao. Wakasimama katikati yetu. Nikahamia kulia, akahamia kushoto. Nikakimbia upande wa pili, naye tayari yuko ng'ambo yangu, kondoo wanazungushwa wasijue waende kwa nani. Pumzi ikanikatika. Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mama wa Mbulu! Unamnyang'anya mwenzako kazi! Huyo siku zote atakaa ng'ambo yako. Ukienda nyuma, yeye atakwenda mbele. Wewe nenda langoni."

"Na kondoo?"

"Wape mgongo."

Nina miaka hamsini na ushei, na sheria ya baba sikuwa nimeivunja tena tangu siku ile ya jike. Nikamtazama Pili: macho kwa kondoo, masikio kwangu. Nikageuka, nikaanza kutembea kuelekea zizini. Hatua kumi, kimya. Nilitaka kuangalia, Mungu anajua.

"Usigeuke!" mzee akafoka.

Ndipo nikazisikia kwato, laini kwenye nyasi, kisha pumzi ya joto nyuma ya magoti yangu. Nikipunguza mwendo, wanapunguza. Nikikata kona, wanakata. Na nyuma yao kabisa, mbwa mmoja alikuwa akifanya kwa utulivu kazi iliyowatoa jasho watoto wanne kwetu. Nikaingia zizini, wakaingia wote. "Basi, Pili," nikasema, akakaa langoni ulimi nje, hadai hata sifa.

Mzee alikuwa ameshatoa simu. "Mwambie mwenye lori asije," alimwambia mwanawe. "Kwa nini? Njoo ujionee mwenyewe."

Mke wa mzee akanipeleka chumba cha juu ya ghala: kitanda, sabuni mpya, dirisha linalotazama zizi. Nikaketi pale nikiwaza. Kule mjini naona mbwa waliovalishwa makoti na viatu, wakisukumwa kwenye vigari kama watoto wachanga, na watoto wanaoamini kondoo huzaliwa dukani. Nawacheka, lakini kidogo tu. Sisi tulijua kukimbia, kupiga makofi na kurusha mawe, tukadhani huko ndiko kuchunga kulikoishia. Baba yangu alichunga maisha yake yote, akirudi nyumbani kila jioni na vumbi la kondoo wake mdomoni, na hakuna hata siku moja aliyotembea mbele akawasikia wakimfuata.