Bachuli Ashika Plau

Bachuli alikuwa mjane mwenye maksai wazuri kuliko wote kijijini, lakini shamba lake lilikuwa la mwisho kulimwa kila mwaka. Katika milima ya Kumaon, kaskazini mwa India, mwanamke hupanda, hupalilia, huvuna, hubeba samadi kichwani mpaka shingo ife ganzi. Plau tu ndiyo haigusi. Akiigusa, wanasema, mvua itakatika. Kwa hiyo tangu mumewe afariki alilimiwa na shemeji yake, Jasod Singh, aliyeanza kwake kwanza, kwa maksai wa Bachuli, na alipofika kwa mjane udongo ulikuwa umekauka kama kigae.

Mwaka huo mvua kubwa za msimu wa joto ziliisha mapema, ngano ikakosa kupandwa. Watu wakabaki kutazama magharibi, zinakotoka mvua za baridi. Mwezi wa Paush, katikati ya baridi, ulikuwa ukingoni mawingu yalipofika. Ilinyesha usiku kucha na mchana kutwa, pole pole, bila radi, na vilele vya juu vikawa vyeupe. Ilipoacha, udongo ulikuwa laini, na kila mtu alijua hautakaa hivyo.

"Shemeji, mwaka huu anza kwangu," Bachuli alisema.

Jasod akacheka. "Haraka ya nini? Kama limekushinda, niachie mimi hilo shamba, upumzike."

"Ah! Kumbe ndiyo hayo."

Akaingia zizini, akatoa maksai wake, akajitwika plau. Mama mkwe wake akamkimbilia akilia. "Mwanangu, utatuua kwa njaa!"

"Mama, njaa tunayo tayari."

Mfuo wa kwanza ulienda upogo. Plau iliruka ikamchuna muundi, na wanaume walioketi juu yake, kwenye mashamba yaliyopangwa kama ngazi mlimani, wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Hakuinua macho. Jua lilipotua viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu, na shamba lote lilikuwa limelimwa. Kesho yake akapanda, kama wengine.

Kisha mbingu zikafunga. Wiki zikapita, ngano ikaanza kunyauka, na pale kisimani wanawake wakawa wanamkwepa. Jasod akaja na wazee kumtaka akaombe radhi hekaluni, achinje mbuzi.

"Niombe radhi ya nini?" Bachuli akafoka. "Mwaka juzi halikudondoka tone, na uliyelima ni wewe. Mbuzi wako ulimchinja lini?"

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Wakaondoka. Bachuli akafunga mlango, akakaa chini. Aliogopa, tena sana; kila asubuhi aliangalia magharibi roho ikiwa mkononi. Lakini hekaluni hakwenda.

Mwezi wa Phagun, baridi ikielekea kuisha, mawingu yakarudi. Safari hii ilianza mvua, ikageuka theluji, ikaanguka kwa Jasod na kwa Bachuli bila kuchagua. Baadaye mvua ya mawe ikapiga sehemu ya ngano ya kila mtu, yake pia. Iliyobaki ilimtosha yeye na mama mkwe, ambaye alikula mkate wake, kisha akaomba mwingine.

Majira ya baridi yaliyofuata, mvua ilipoacha tu, mjane aitwaye Saruli alipanda kutoka nyumba za bondeni.

"Dada, nira inafungwaje?"

Bachuli akajifunga shali, wakatoka pamoja na maksai, wakizungumza. Walipopita mbele ya ua wa Jasod hawakupunguza sauti.