Mawimbi Niliyomtengenezea Mama

Maji hayakuingia nyumbani kwetu Rumonge kwa fujo. Ziwa lilipanda taratibu, likachukua kwanza meza za mama za kuanikia samaki wadogo wa ndagala, kisha choo, kisha ukuta wa jikoni. Asubuhi tuliyoamka tukakuta sebule imelowa, mjomba alileta kamioneti, tukapakia magodoro na masufuria, tukahamia kwake upande wa Bugarama, mlimani, katikati ya michikichi. Tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kuchoka, miguu inavimba. Alipanda gari bila kugeuka nyuma.

Kule juu hakupata usingizi. Tulidhani ni dawa, muganga akazibadilisha, hali ikawa ile ile. Mwishowe aliniambia mwenyewe, tumekaa barazani baada ya sala ya alasiri.

"Huku iko kimya sana, mwanangu. Tangu nazaliwa nilikuwa nalala na maji."

Kazi yangu ni kutengeneza sauti za kurasa za mtandao: mlio wa kitufe, muziki wa michezo midogo ya kwenye simu. Naandika maelekezo, na kivinjari chenyewe ndicho kinachotoa sauti. Lakini sikuwa na hata dakika moja ya ziwa letu niliyoirekodi. Nani angerekodi kitu anachokisikia kila siku? Na kurudi kurekodi kusingesaidia, maana pale petu maji sasa yanagonga matofali ya nyumba zilizozama. Mama hakuitamani sauti hiyo. Aliitamani ile ya zamani, ya ufukwe wenye changarawe.

Nikaamua kuitengeneza. Nilianza na mvumo mtupu, kama redio isiyoshika stesheni, nikaupitisha kwenye kichujio kinachozuia sauti nyembamba. Kwa kila wimbi, kichujio kinafunguka, sauti inapanda, kisha vyote viwili vinashuka. Simu ya mama nikaiweka mapajani mwake. Kivinjari hakitoi sauti mpaka mtu aguse kwanza, basi akasema Bismillahi, akagusa.

Spika ikatoa "tak!", kama kijiti kimevunjika. Mama akashika kifua.

Katika haraka yangu nilikuwa nimeiamuru sauti iruke kutoka kimya hadi juu mara moja. Haifanywi hivyo. Unakiambia kivinjari sauti ifike wapi na ifike saa ngapi, halafu kinaipandisha chenyewe, kidogo kidogo, sikio lisishtuke. Nikarekebisha. Mama akasikiliza tena, kichwa kimeinama.

"Huyu ni mutu anapumua," akasema. "Haiko ziwa."

Alikuwa sahihi, mawimbi yangu yote yalikuwa sawa. Nikayapa urefu tofauti, mengine yachelewe, mengine yafuatane. Kesho yake akasema wimbi likishavunjika huvuta vijiwe, sasa vijiwe viko wapi? Nikaongeza michakacho midogo midogo inayofifia kila maji yanaporudi. Alicheka siku hiyo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhame.

Kisha nikaona heri apange mwenyewe. Nikaweka kwenye ukurasa mistari ya kusukuma kwa kidole: nguvu ya wimbi, mwendo wake, wingi wa vijiwe. Jioni baada ya jioni, kabla ya magharibi, tulikaa akisukuma na kuniuliza, "Hii ni ya asubuhi, mitumbwi inarudi na taa, unaikumbuka?" Nilikumbuka.

Jioni moja akasukuma mstari wa nguvu hadi mwisho. Simu ikanguruma. Mama akaondoa kidole kama ameguswa na moto.

"Hiyo toa."

"Ni kubwa mno, mama?"

"Hiyo ni ya siku ile ya baba yako."

Baba alikwenda kuvua nikiwa mtoto mdogo, hakurudi. Hilo ndilo nililojua, na nyumbani kwetu halikuulizwa. Sasa mama alisimulia, macho yake kwenye ile skrini. Kwamba upepo ulitoka upande wa Kongo bila dalili. Kwamba alisimama ufukweni nikiwa mgongoni mwake, akaiona taa ya mtumbwi, akaiona tena, halafu hakuiona. Kwamba watu walimwambia aingie ndani, na yeye akakataa, kwa sababu alihofia baba akirudi asimkute.

"Nilikuwa naita," akasema. "Lakini mawimbi yalikuwa yanapiga hivyo hivyo. Hangeweza kunisikia."

Nilichukua kompyuta, nikaweka kikomo: nguvu ya wimbi isizidi pale, hata mtu asukume vipi. Nikampa simu. Akasukuma hadi mwisho, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. "Murakoze, mwanangu," akashukuru. Hakulizungumza tena.

Tangu hapo akawa analala na ule ukurasa. Skrini ikizimika kivinjari husinzia, kwa hiyo nilikuwa namwandalia mapema mawimbi ya muda mrefu, yajiendeshe bila mimi.

Alifariki mchana. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki wa mukeke, nayasikia mawimbi chumbani kwake, na kwa kuwa niliyasikia nilidhani amelala. Nilipompelekea chakula nilimkuta amegeukia ukuta, mkono umeshapoa. Vijiwe vilikuwa bado vinavutwa.

Mjomba aliingia, akamfumba macho dada yake. Kisha akanitazama.

"Zima hiyo kitu, tumusomee."

Nilifuta mawimbi yote yaliyokuwa yamepangwa mbele. Lakini lile lililokuwa linapita sikuweza kulikata. Nikaliagiza lishuke polepole mpaka liishe. Mjomba alisimama na msahafu mkononi akingoja, wala hakunihimiza. Palipokuwa kimya, akaanza Yasini.

Baada ya arobaini nilishuka Rumonge. Wanawake wameanza kuanika ndagala kwenye kipande cha juu, karibu na barabara. Mmoja wao, aliyekuwa jirani yetu wa miaka mingi, aliniona akaniita kwa furaha.

"Amahoro! Na mama iko aje? Mwambie arudi, nimemutunzia meza, hapa kando yangu."

Habari haikuwa imemfikia. Nilimwambia pale pale, mbele ya samaki. Akatua kapu chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akanivuta kwake. Nililia kwa sauti, kama ambavyo sikuwahi kulia kule juu, na yeye akawa ananipapasa mgongo.

Meza aliyomtunzia mama ilikuwa ya mianzi mipya, imefungwa vizuri, haina kitu juu.