Mfungo wa Simba wa Aselefech

Aselefech alimlea simba wake Bezabih kwa chupa ya maziwa tangu hajafumbua macho, na mumewe alipofariki wakabaki wawili tu, yeye na Bezabih. Alifagia bustani ya wanyama ya serikali mjini Dessie, akaosha sakafu ya tundu, na ole wake aliyesema tundu ni dogo. Dogo kwa nani? Bezabih hakuwa na safari.

Ndipo akaja Daktari Hirut, daktari wa wanyama. Akasema kusini kuna hifadhi yenye nyasi na vivuli, simba atapelekwa huko, ila kwanza apungue. Kwa unene ule moyo wake hautastahimili barabara.

"Kwa hiyo akiwa mnene haendi?" Aselefech akauliza.

"Haendi, mama."

"Masikini," akasema, na jioni hiyohiyo akapita buchani.

Posho ya simba, nyama ya punda, ikapunguzwa, simba akazidi kunenepa. Kila siku pande la mafuta ya ng'ombe lilipita getini chini ya shuka jeupe la Aselefech. Daktari akabadilisha mizani. Aselefech akamwonea huruma.

"Mwanangu, wengine ndivyo walivyoumbwa. Marehemu mama yangu alikuwa hivyohivyo, na alikuwa hali kitu."

Mambo yalikwenda vizuri hadi ulipoingia Mfungo Mkuu wa kabla ya Pasaka, ambapo Wakristo wa huko hawagusi nyama wala maziwa. Mabucha ya Wakristo yakafungwa yote. Likabaki la Seid Yimam, Mwislamu, jirani yake tangu ujana.

"Chukua, jirani," Seid akamwambia. "Huli wewe, anakula simba."

"Bezabih ni Mkristo. Nyama ya kuchinjwa na Mwislamu hali."

"Amekwambia mwenyewe?"

"Usinichezee, Seid! Simba wa Yuda huyo."

"Na yule punda mnayempa kila siku, alichinjwa na padri?"

Aselefech akajitanda shuka lake, akaondoka. Punda ni wa serikali, na dhambi yake ni ya serikali. Lakini kwa mkono wake mwenyewe? Thubutu! Siku nyingine alifika tena mlangoni kwa Seid, akasimama, akameza mate, akaenda kununua pilipili duka la pili.

Huku Bezabih anapungua. Tumbo likanywea. Asubuhi moja akaruka juu ya gogo alilokuwa akilizunguka miaka yote, na Daktari Hirut akapiga makofi kama yuko harusini.

Mabucha yalipofunguliwa, Aselefech alikuwa wa kwanza kununua. Akarudi mbio na nyama yake, akakuta lori getini. Bezabih aliingia mwenyewe kwenye kizimba cha safari, hakusukumwa, wala hakugeuka nyuma.

"Unalia, mama?" daktari akauliza.

"Vitunguu," akajibu, na hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Mpaka leo ukimwuliza, atakwambia daktari hakufanya lolote. Bezabih alifunga mfungo mzima, hakuonja hata tone la maziwa, ndiyo maana Mungu akampa nyasi. Na wewe jaribu kumbishia.