Kaimenyi, Ndugu wa Kapteni wa Angani

Kaimenyi wa Kanyakine ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo nikimsema, namsema kwa haki. Siku aliyozaliwa mimi ndiye niliyeshika taa. Watoto wengine hutoka wakilia. Huyu alitoka kimya, akamtazama mkunga, halafu akanitazama mimi, kama anayetaka kwanza kujua kosa ni la nani. Mkunga alipompiga kofi la kumliza, aliyelia ni mkunga, na Kaimenyi akanyoosha kikono kumfariji. Ukibisha, kamuulize mkunga mwenyewe. Amezikwa kando ya kanisa, na hajawahi kunikanusha.

Tangu siku hiyo kazi yake duniani ni moja tu, kumtetea anayelaumiwa. Ana kahawa kidogo, ana ng'ombe wa maziwa na migomba, lakini hizo ni shughuli za mikono. Mbweha alipomaliza kuku wake, alisema maskini, mbweha naye ana watoto. Mvua ya mawe ilipoangusha maharagwe yake, alisema pengine huko juu kulikuwa kumejaa. Na Jumapili moja mhubiri akiwa anamchapa Yuda kwa maneno, Kaimenyi aliinua mkono katikati ya ibada: "Mchungaji, kuna mtu aliwahi kumuuliza Yuda mambo ya nyumbani kwake yalikuwaje?" Mpaka leo tunamwita Wakili, na mchungaji akifika kwa Yuda hufumba macho asiuone ule mkono.

Hata mke wake, Gatakaa, alimpata hivyo. Alishtakiwa akiwa msichana kwamba aliacha mbuzi wakaingia kwenye mahindi ya watu. Kaimenyi hakumjua, lakini alisimama akasema mahindi yale ndiyo yaliyowaita mbuzi. Gatakaa akamtazama, akaona huyu atafaa. Mbuzi alikuwa amewafungulia mwenyewe, aliniambia baadaye, tukacheka mpaka sufuria ikaanguka mekoni.

Sasa tufike kwenye televisheni. Kaimenyi alinunua televisheni kubwa kama mlango wa zizi, na mwaka huu ikaanza kuonyesha tamthilia ya watu wanaosafiri angani kwenda Mshtarii, ile nyota nene. Kila Jumapili tukishatoka kanisani na kula, tunajaa sebuleni kwake, wenye viti kwenye viti, wengine na vigoda vyao. Wale wanaanga wamewekewa sauti za Kiswahili. Wote wanaongea kama watu wa Mombasa, hata Mchina.

Vijana walituambia hii si kama zile za zamani za kupigana kwa tochi, hii imefanywa kama mambo yenyewe yalivyo. Tuliona. Siku ya kwanza tangi la chombo lilipasuka, moto ukatoka, na sauti hakuna. Njura, jirani wa Kaimenyi, aliinuka akaipiga televisheni ubavuni.

"Wakili, hii yako imeziba koo!"

"Wacha, Baba Kiambi," akasema Kanana, binti ya Kaimenyi. "Huko hakuna hewa. Pasipo hewa hakuna sauti."

"Basi huko ndiko nitampeleka mke wangu."

"Tangulia wewe," mke wake akamjibu kutoka nyuma. "Ukilia hatutasikia."

Siku nyingine tulionyeshwa kwamba maji wanayokunywa ni mkojo wao, umechujwa na mashine. Gatakaa alikuwa ndiyo amemaliza kumimina chai. Vikombe vyote vilirudi kwenye sinia vimejaa. Wakaonyesha maharagwe yanayoota ukutani, kwenye bomba, bila udongo, na hapo wazee walikataa kabisa. Maharagwe bila udongo yatakuwa na ladha ya nini? "Ya ukuta," akasema mmoja, na hakuna aliyempinga. Nilichoamini mimi ni kimoja. Kapteni akimuuliza mkewe swali, jibu linachukua karibu saa nzima kufika, kwa sababu ya umbali. Nikawaambia basi marehemu mume wangu aliishi Mshtarii miaka yote, maana nikimuuliza alikolala, jibu lilikuwa linachukua muda huohuo.

Kumbe mchezo ulikuwa unatupeleka pabaya. Jumapili moja kijiwe kidogo kama punje ya wimbi kilitoboa chombo. Hewa ikaanza kutoka, na tundu likazidi kupasuka. Fundi wao, kijana mpole mwenye watoto wawili huku duniani, alikuwa upande wenye tundu. Kapteni akaona akingoja wote watakufa. Akafunga mlango. Fundi alibaki nje ya mlango, akavutwa na ile hewa, akaelea kwenye giza polepole, bila sauti, kama unyoya wa kuku.

Njura ndiye aliyesema kwanza. "Huyo kapteni ni muuaji."

"Angefanya nini?" Kaimenyi akauliza. Nilijua atauliza. Gatakaa pia alijua, akaanza kumvuta koti.

"Angengoja!"

"Angengoja wafe wote? Njura, ukiwa na nyumba inaungua—"

"Usiniletee nyumba. Mtu amefungiwa nje kama mbwa!"

Wangebishana wakachoka, wakaenda kukamua. Lakini kwenye kiti cha karibu na mlango alikuwa ameketi mzee Mugendi, mwenyekiti wa wazee wa ukoo, na fimbo yake magotini. Mugendi alikuwa ameliamini lile jambo kuliko sisi sote. Akagonga fimbo sakafuni.

"Mtu amekufa," alisema. "Kifo hakisemwi ovyoovyo kama bei ya ndizi. Zimeni hicho kitu. Nani anasimama upande wa marehemu?"

Njura akasimama. "Mimi. Huyo fundi ni kama ndugu yangu."

"Na mshtakiwa? Mtu hahukumiwi akiwa hana ukoo. Nani ni ukoo wa kapteni?"

Nilimwona Kaimenyi akipambana. Alikaza macho kwenye dari, akakaza mikono kwenye kiti. Lakini mtu analaumiwa na hana mtu! Ungemwekea Kaimenyi asali upande mmoja na mshtakiwa upande wa pili, angeruka asali. Koti likamponyoka Gatakaa, na huyo juu.

"Mimi ndiye ukoo wake," akasema. "Lake ni langu."

Na hapa ni lazima niseme jambo. Kwetu, neno ukilisema umesimama mbele ya fimbo ya wazee, halirudi mdomoni. Kama ulikuwa unacheza, ungecheza umekaa.

Wazee watatu wakatoka nje wakanong'ona karibu na tangi la maji. Waliporudi Mugendi akasema kapteni hakukosa kufunga mlango. Alikosa kuufunga bila kumwita yule kijana kwa jina. Hata zizi hulifungi kabla ya kumwita ng'ombe aliye nje. Kwa hiyo ukoo wa kapteni utoe kondoo dume, aliwe leo, damu ipoe.

Kaimenyi alikuwa na kondoo dume mmoja. Mnene, wa majani ya viazi vitamu, mkia mkubwa hivi kwamba jioni yeye anafika nyumbani na mkia unafika baadaye. Na yule kondoo alikuwa na kazi. Jumamosi iliyokuwa inakuja, watu wa Muchangi, mchumba kutoka Embu, walikuwa waje kumposa Kanana. Kwa ukoo wetu, siku ya wakwe hatuchinji kondoo wa sokoni. Lazima awe amezaliwa na kulelewa katika zizi la baba ya msichana, la sivyo wakwe wanaona wamedharauliwa, wanaweza kuinuka na fimbo zao na kurudi walikotoka. Na mjomba wa Muchangi, tulikuwa tumeshaambiwa, ni mtu wa kuinuka.

Kanana aliweka sinia chini. "Baba. Umemtoa kondoo wangu kwa ajili ya mzungu wa televisheni?"

"Mwanangu, hakuwa na mtu."

"Na mimi nina nani?"

Gatakaa hakupiga kelele. Alichukua leso akajifunga kiunoni, na ukimwona mke amefanya hivyo kimya, wewe tafuta mlango.

Nje tayari mtu mmoja alikuwa ananoa kisu. Sitakudanganya, nilimtazama yule kondoo dirishani, na mate yakanijaa. Mkia kama ule ukichomwa! Lakini nikafikiri vizuri. Wakwe wakija Jumamosi, nyanya wa ukoo, ndiye mimi, hupewa blanketi, tena zito. Kondoo akiliwa leo, hakuna wakwe, na usiku wa Julai huku kwetu chini ya mlima unajua baridi yake. Nyama ni ya siku moja. Nikasafisha koo.

"Mzee Mugendi, naweza kuuliza swali la kijinga?"

"Uliza, mama."

"Tangu lini tunakula kondoo wa damu kabla ya kuzika?"

Kisu nje kikanyamaza. Wazee wakatazamana. Ni kweli, hatuli. Maiti kwanza, kondoo baadaye.

"Maiti inaelea huko," akasema Njura kwa haraka. "Kanana alisema itafika sijui wapi baada ya miaka elfu. Tutangoja?"

"Hapana, Njura, nani anaweza kungoja hivyo? Una njaa." Nikamsogelea. "Lakini mtu akipotelea mtoni au porini na asipatikane, tunafanya nini?"

"Tunazika shina la mgomba mahali pake," akajibu, na akafurahi. "Naam! Tuzike mgomba, tule."

"Umesema kweli kabisa. Na marehemu anazikwa wapi?"

"Kwa ndugu zake."

"Na ndugu yake ni nani?"

Sasa nikueleze Njura ni nani. Njura ni mtu ambaye akikohoa hugeuka aone kama kikohozi kimevuka mpaka. Kila asubuhi anapitia mawe ya mpaka wake akiyasalimia. Aliwahi kumshtaki Kaimenyi kwa sababu kivuli cha mparachichi wa Kaimenyi kilikuwa kinalala kwenye shamba lake bila ruhusa, na aliyeutetea mparachichi unamjua.

Njura alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kutafuta pa kwenda.

"Kaburi si kubwa," nikamwambia taratibu. "Hapo chini kwenye migomba yako, karibu na mto, panafaa. Tutaweka msalaba na jina. Kila mtu Kanyakine ataona kwamba mtu huyu amelazwa kwa Njura kama ndugu. Na wale watoto wake wawili, tuliwaona Jumapili iliyopita wakilia kwamba baba yao yuko mbali, unakumbuka? Yule wa kike ana meno yameng'oka. Watakua. Siku moja watakuja kuuliza, baba yetu amelala kwenye shamba la nani?"

Hakuna mtu wa Meru asiyejua maana ya kaburi. Karatasi za shamba zinaweza kupotea ofisini, zinaweza kuliwa na panya, lakini mfu akishalala mahali, watoto wake wana pa kusimama na kusema hapa ni petu.

Mke wa Njura alikuwa wa kwanza kuinuka. "Baba Kiambi," akasema, "ukichimba kaburi la mzungu kwenye migomba yangu, utaingia wewe."

Njura akamgeukia mwenyekiti. "Mzee Mugendi, mimi huyo mtu simjui."

"Ulisimama ukasema ni ndugu yako."

"Nilisema ni *kama* ndugu yangu. Tunafanana kidogo, masikioni. Hata masikio sikuyaona vizuri, alikuwa amevaa kofia ya kioo!"

"Unaondoa mashtaka?"

"Naondoa! Alifunga mlango vizuri sana. Chombo kikitoboka, mlango unafungwa. Mimi mwenyewe ningefunga."

Mugendi alifikiri, akigeuza fimbo. Akasema marehemu amebaki bila ukoo, na kesi isiyo na mwenye kudai haina kondoo. Lakini anayesimama mbele ya wazee akaketi tena, amewachezea, kwa hiyo Njura alete mkungu wa ndizi, uchemshwe hapahapa, wazee wasiende na njaa.

Basi, tumeokoka, wewe ungesema hivyo. Gatakaa alikuwa ameanza kufungua leso kiunoni. Kumbe Kaimenyi alikuwa anamtazama Njura, ameinamisha kichwa, watu wote wanamcheka, hana wa kumtetea. Nikaona magoti ya mtoto wa kaka yangu yanaanza kunyooka.

"Wazee," akaanza, "Njura naye, tukiangalia vizuri, shamba linaogopesha—"

Gatakaa alimkalisha kwa mikono miwili, halafu akaketi juu ya mkia wa koti lake, akabaki hapo mpaka ndizi zikaiva.

Jumamosi watu wa Embu walikuja. Kondoo aliliwa, mjomba wa Muchangi aliinuka mara moja tu, kuongezewa supu. Na Jumapili tukarudi kwenye televisheni kama kawaida. Safari hii walionyesha nyumbani kwa yule fundi, na watoto wake wawili wamesimama mlangoni, wanatutazama moja kwa moja. Njura akainua kigoda chake, akakipeleka nyuma ya kabati la vyombo, akaketi huko mpaka wale watoto walipotoka kwenye televisheni.