Gunia la Mama na Jani la Isale

Mimi nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wote wanajua. Lakini siku ile ya mwaka 1996, hapa Machame, hata hasira zilinikimbia.

Nilikuwa nafundisha darasa la tano jinsi raia walivyosaidia vita vya Kagera. Tulishalima tuta la maharage nyuma ya darasa, kama mama zetu walivyolima vihambani, katikati ya migomba, ili askari wapate chakula. Nikamwalika Mzee Elisaria aje asimulie, maana wakati wa vita alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, na michango yote ilipitia kwake.

Nilimwalika kwa kujikaza tu. Mzee huyohuyo ndiye aliyesimama mkutanoni mwaka 1979 akasema mama yangu, Elisifa, hakutoa hata punje. Mama! Mwanamke aliyemwagilia maharage yale kwa ndoo kichwani na mimba ya miezi saba tumboni! Aliapa kwamba alitoa gunia zima. Nani amsikilize? Wenzake wa kwaya wakaacha kumsalimia. Wakambandika jina la Mama Mchoyo, akafa nalo. Siku ya mavuno mimi nilikuwa kwa shangazi, Sanya Juu, sikuona kitu. Mungu anisamehe, na mimi nilimtilia shaka mama yangu mzazi.

"Shikamoo, babu!" watoto walisimama wote.

"Marahaba, wajukuu zangu."

Kiti nilichomwekea hakukikalia. Alitoa jani la isale ndani ya koti, akaliweka mezani kwangu, kando ya chaki. Hapa kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba isale ni kuomba msamaha, na aliyeletewa hakatai.

"Gunia la mama yako nililipokea, Tabitha," alisema. "Sikulipeleka. Kwangu kulikuwa na njaa, tukalila. Nilipoulizwa nikaogopa, nikasema hakutoa."

Jamani! Miaka kumi na saba! Nilitaka kumtukana. Lakini nilimkumbuka mama jikoni, jioni ya mkutano ule, akiniuliza, "Mwanangu, na wewe huniamini?" Nami nikainama kupuliza moto, nisimjibu.

"Pokea, Mwalimu," alininong'oneza Goodness, msichana wa dawati la mbele.

Nikalipokea. Kisha nikampa Mzee chaki.

"Andika jina lake pale ubaoni. Na alichotoa."

Aliandika polepole, herufi zikipanda na kushuka: ERISIFA. GUNIA MOJA.

"Futa, Mzee," nikasema, machozi yakinitiririka mbele ya darasa zima. "Ni L. Mama yangu anaitwa Elisifa."

Akafuta kwa kiganja, akaandika upya.